Kuongeza RAM au Kununua Kompyuta Nyingine: Namna ya Kuamua

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi kompyuta ni moja tu, na watu wote wa nyumbani huitegemea, kuanzia mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika kazi yake ya mwisho hadi mama anayepanga hesabu za duka. Inapoanza kusuasua, ushauri wa kwanza wa jirani huwa ni kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshikilia programu zilizofunguliwa, na wa pili ni kuiuza na kununua nyingine. Naomba kabla ya kutoa dola hata moja uipime kwanza, kwa kuwa kusuasua kwa kompyuta hakutokani na RAM peke yake.

Fungua programu zote unazozitumia kwa pamoja katika siku ya kawaida, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa mpigo mmoja. Katika dirisha litakalotokea, nenda kwenye sehemu ya utendaji, utazame kumbukumbu (yaani RAM) na diski, ambako mafaili huhifadhiwa. Kumbukumbu ikiwa karibu kujaa, kompyuta hulazimika kuhamishia sehemu ya kazi zake kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi, na hapo RAM itakusaidia kweli. Lakini kumbukumbu ikiwa na nafasi ya kutosha huku diski ikikwama kwenye asilimia 100, tatizo ni diski. Mashine yenye diski ya kizamani inayozunguka mimi ningeiwekea SSD kwanza, yaani diski isiyozunguka, kwa sababu tofauti yake huonekana tangu kuwasha.

Dirisha hilohilo huonyesha idadi ya nafasi za RAM na ngapi zinatumika. Aina za RAM, kama DDR3 na DDR4 iliyoifuata, haziingiliani: ya DDR3 kwa kompyuta ya mkononi ina pini 204, ya DDR4 ina 260, na pengo lililokatwa ukingoni halikai mahali pamoja, kwa hiyo usilazimishe kipande kisichoingia. Angalia pia volti, kwani baadhi ya mashine hukubali DDR3L ya volti 1.35 tu, wala si ile ya 1.5. Njia salama ni kuchomoa kipande cha zamani na kwenda nacho dukani. Tena, Windows ya biti 32 ya nyumbani haivuki GB 4, hata ukiiwekea GB 16.

Wakati wa kuweka, zima kompyuta kabisa, chomoa waya wa umeme na uondoe betri ikiwa inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kisicho na rangi kabla ya kushika RAM, hasa katika kiangazi chetu cha Mei hadi Septemba, ambapo hewa kavu huongeza umeme tuli mwilini. Shika kipande kwa kingo zake; kwenye kompyuta ya mkononi, kiingize kwa mshazari, kisha kisukume chini mpaka vibanio vya pande zote mbili vilie. Kompyuta isipowaka, mara nyingi kipande hakijakaa sawasawa; kitoe na ukirudishe.

Kuna mashine ambazo sishauri kuzigharamia. Nyingine RAM yake imelehemiwa kwenye ubao mama, hivyo haiongezeki. Nyingine prosesa yake, yaani chipu kuu inayofanya kazi zote, ni ya zamani mno: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, pamoja na prosesa ambayo kwa zile za Intel, isipokuwa chache, huanzia kizazi cha nane. Asiyekuwa na fedha za mashine nyingine anaweza kuweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na kuendelea kuandika na kutumia intaneti bila shida.

Ukinunua ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, soma jina la prosesa wewe mwenyewe. Katika jina la Intel kama i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi; i5-4300U ni ya kizazi cha nne, hata kama ganda lake linang'aa. Tafuta yenye SSD na GB 8 za RAM, ikiwa na nafasi ya kuongezea, kisha uombe iwashwe bila chaja kwa muda wa nusu saa, ukiwa umesimama palepale dukani, ili ujue betri yake inashika chaji kiasi gani umeme unapokatika.