Mtungi wa Kuzamia: Upime kwa Baa 50 za Mwisho

Kaskazi ikikaribia, vijana wanaojifunza kuongoza wazamiaji hapa Malindi hunijia na swali lile lile: fundi, nikinunua mtungi wangu mwenyewe, ninunue upi? Wengi huwa tayari wameshaamua. Wanataka mkubwa, kwa kuwa mkubwa una hewa nyingi. Mimi kazi yangu ni kujaza mitungi na kushuka na wageni, na jibu langu ni kuwauliza: mtungi huo utakuwaje ukibaki na baa 50 (baa ni kipimo cha presha ya hewa), uko mita 5 chini, unahesabu dakika 3 za usalama kabla ya kupanda? Mtungi usiokufaa hukusumbua hapo, si mwanzoni.

Hewa ina uzito. Lita 1,000 za hewa ya kawaida ni kama kilo 1.2. Chukua mtungi wa alumini uliozoeleka, ule wa lita 11. Hizo lita 11 ni nafasi iliyo ndani yake. Ukiujaza hadi baa 200 unakuwa umesukuma humo hewa ya lita 2,200, yaani zaidi ya kilo 2 na nusu. Unashuka na uzito huo, kisha unaupumua wote ukaenda juu kama mapovu. Mtungi ukiwa umejaa huzama, lakini kwa chini ya kilo 1. Ukiisha kabisa, huelea kwa karibu kilo 2. Na ukifika baa 50, kabla haujaisha, tayari unakuvuta juu kwa kilo 1 hivi.

Mtungi wa chuma nao hupoteza hewa vivyo hivyo, lakini chuma ni kizito na ukuta wake ni mwembamba, kwa hiyo mtungi mzima huchukua nafasi ndogo majini. Wa lita 12 ukijaa huzama kwa kilo 3 na nusu au zaidi, na hata ukiisha bado huzama kidogo. Kati ya alumini iliyoisha na chuma kilichoisha kuna tofauti ya karibu kilo 3, na tofauti hiyo hulipwa kwa risasi mkandani, yaani vipande vya madini ya risasi vya kukuzamisha.

Kuna binti mmoja niliyemwangalia akimalizia mbizi kwenye kamba ya nanga. Mwembamba, kilo 50 hivi, suti fupi ya kuzamia ya milimita 3, mgongoni alumini ya lita 11. Alishuka vizuri, akaogelea vizuri. Alipofika mita 5, kitako cha mtungi kikaanza kupanda, miguu ikafuata, na dakika zote 3 akawa ameikumbatia kamba kichwa kikielekea chini. Jaketi lake, lile linalojazwa hewa ili mtu aelee, halikuwa na hewa hata kidogo. Risasi zilikuwa pungufu kwa kilo 2, wala hakuna aliyeligundua hilo mwanzoni, kwa sababu mtungi uliojaa ulikuwa unaziba pengo hilo. Tulimwongezea kilo 1 mkandani na kilo 1 nyingine kwenye ukanda wa mtungi, chini karibu na kitako. Mbizi iliyofuata alitulia mlalo, mikono imekunjwa.

Kwa hiyo usipime risasi na mtungi uliojaa ukaridhika. Pima baada ya mbizi, geji ikisoma baa 50. Simama wima majini, toa hewa yote ya jaketi, vuta pumzi ya kawaida uishike. Maji yakifika usawa wa macho, umepata. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Kama huna nafasi ya kusubiri mwisho wa mbizi, pima na mtungi uliojaa kisha ongeza kilo 2 kwa mtungi wa lita 11 au 12. Ukibadilisha mtungi, au hata suti tu, rudia kipimo.

Mwenye risasi pungufu ataumia mwenyewe, lakini aliyezidishiwa huumiza na vingine. Hulijaza jaketi hewa ili asizame, hewa ile hupanuka na kunywea kila akipanda au kushuka, naye huwa anapambana nayo mbizi nzima huku mapezi yakikwangua matumbawe. Hifadhi yetu ya bahari ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ya Watamu. Kuna matumbawe mle yaliyokua miaka mingi kuliko umri wa mtu yeyote aliye kwenye mashua, na pezi moja huvunja tawi kwa sekunde. Na matope ya Mto Sabaki yanaposukumwa huku kwetu wakati wa kaskazi, anayegusa sakafu ya bahari huwafunga macho wenzake wote walio nyuma. Hili naliomba kwa dhati: jifunze kuelea sawasawa kabla ya kununua chochote.

Sasa ukubwa. Fanya hesabu yako, usifanye ya rafiki yako. Mtu mtulivu huvuta kama lita 15 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji, mwenye wasiwasi hufika 25. Mita 10 chini zidisha mara 2, mita 15 mara 2 na nusu, mita 20 mara 3. Mtungi wa lita 11 wenye baa 200, ukiondoa baa 50 za akiba, unakupa lita 1,650. Kwa mita 15, mtulivu anatumia lita 37 na nusu kwa dakika, sawa na dakika 44. Mwenye wasiwasi, anayevuta lita 25, anamaliza kwa dakika 26. Huyo wa pili akija kwangu anataka mtungi wa lita 15, mimi humwambia apunguze kwanza kurusha mikono na apige mapezi polepole. Hewa nyingi zaidi iko hapo kuliko dukani.

Na chuma cha lita 15 kina hatari yake katika maji ya joto kama yetu. Suti nyembamba haielei sana, kwa hiyo mtu mwenye misuli huhitaji risasi chache mno, pengine kilo 2. Akivaa mtungi mkubwa wa chuma anakuwa mzito kupita kiasi bila risasi hata moja. Jaketi likitoboka, hana cha kufungua akidondoshe. Mitungi hiyo hufaa maji ya baridi, mtu akiwa na suti nene ya milimita 7. Hapa, kwa mtu wa mwili wa wastani, alumini ya lita 11 inatosha. Kwa mfupi au mwembamba, napenda chuma cha lita 10, au alumini ndogo ya lita 9. Mtungi mrefu kwa mtu mfupi humgonga makalio akitembea na kisogo akiinua kichwa.

Usisahau nchi kavu. Maji yakitoka, hasa siku za bamvua, mashua hukaa mbali na unatembea mchangani na mzigo mgongoni. Alumini iliyojaa, pamoja na valvu, ni kama kilo 18. Chuma cha lita 12 ni karibu hizo hizo, lakini mwenye chuma amepunguza kilo 3 za risasi kiunoni. Kwa mgongo unaouma, hilo ni jambo kubwa.

Ubaya wa chuma ni kutu. Kitako chake ni cha mviringo, kwa hiyo huvishwa kiatu cha plastiki ili usimame, na maji ya chumvi hujificha humo. Usipokivua na kuosha kwa maji yasiyo na chumvi, utaona rangi imefura, na chini yake kutu imeshakula. Alumini husamehe zaidi. Valvu sina mengi: ya kubana ndiyo utakayoikuta kwenye mashua nyingi, ya DIN, ile inayokazwa kwa kuzungushwa, hukaa imara zaidi. Angalia tu regulata yako, kile kifaa unachopumulia, ina ipi.

Ukinunua uliotumika, soma bega la mtungi kabla ya kuzungumza bei. Ya Ulaya huonyesha ujazo kwa lita, PW ikifuatwa na presha ya kazi, PT na presha ya majaribio. Ya Marekani huandikwa 3AL3000 kwa alumini. Tafuta tarehe ya mwisho ya kupimwa kwa presha ya maji. Ikizidi miaka 5, gharama ya kuupima iondoe kwenye bei. Muulize pia muuzaji ni lini ulifunguliwa ukakaguliwa ndani. Hilo lafaa kufanywa kila mwaka. Mitungi mingi ya alumini ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 ilitengenezwa kwa aloi ya 6351, ambayo shingo yake huweza kupata ufa taratibu. Mimi huo siujazi, hata uwe unang'aa vipi.

Kisha mwombe fundi afungue valvu mbele yako, umulike ndani na tochi. Unga mweupe ndani ya alumini, au wekundu ndani ya chuma, ni ishara kwamba maji yaliingia, na mara nyingi huingia mtungi ulipomalizwa hadi sifuri. Ukiupata ulio safi, usiuache uishe kabisa. Kusi ikikaza na mashua zikalala, usimamishe wima kivulini ukiwa na baa 20 au 30, valvu imefungwa.