Kabla ya kupanda ngazi za Loggia dei Lanzi

Kwanza elewa kwamba huendi makumbusho. Loggia dei Lanzi, pale Piazza della Signoria mjini Florence, Italia, haina tiketi. Ni baraza, mtu wa Lamu au Mji Mkongwe ataitambua mara moja, ila hii ina matao matatu makubwa ajabu na ilijengwa kati ya 1376 na 1382 ili viongozi wa jamhuri ya Florence waapishwe mbele ya umma bila kunyeshewa. Pesa ya kiingilio iweke kwa ajili ya makumbusho ya sanaa ya Uffizi, jirani yake, nayo hufungwa Jumatatu.

Kula kabla. Ndani ya Loggia chakula na vinywaji ni marufuku, na walinzi hawana mzaha.

Tenga saa nzima, hasa asubuhi kabla makundi ya watalii hayajafurika. Wengi huzipiga picha sanamu zilizomo kutoka chini wakaenda zao, na hapo ndipo wanapojipunja. Sanamu ya mchongaji Giambologna ya kutekwa kwa wanawake wa Sabini, majirani wa Warumi wa kale, ya mwaka 1583, ni miili mitatu iliyochongwa kwenye bonge moja la marumaru, ikijisokota kwenda juu, wala haina upande wa mbele. Usipoizunguka hujaiona. Perseus wa shaba wa mchongaji Cellini, yule shujaa wa hadithi za Kigiriki aliyemkata kichwa Medusa, zimwi mwenye nywele za nyoka, naye mpitie kwa nyuma: kisogoni, kati ya kofia na nywele, pamejificha uso wa mzee mwenye ndevu, ambao husemwa ni wa Cellini mwenyewe.

Soma pia historia kidogo, usije ukaambulia misuli tu. Perseus, aliyezinduliwa 1554, aliagizwa na mtawala Cosimo I wa ukoo wa Medici, jamhuri ikiwa imeshazikwa. Kichwa cha Medusa kinachochuruzika damu, kimeinuliwa juu ya uwanja uleule wa wananchi! Hata jina Lanzi linatokana na askari wa Cosimo wa kukodi wa Kijerumani. (Ukiwa na watoto, andaa majibu; humo watu wanakatwa na kutekwa kila kona.)

Sanamu ya Daudi ya Michelangelo iliyosimama karibu, mbele ya jumba la Palazzo Vecchio, ni nakala. Ile halisi iko makumbusho ya Accademia, mjini humohumo, tangu 1873, na huko tiketi kata mapema.

Pale ngazini kuna simba wawili wa marumaru. Mmoja ni wa Warumi wa kale, mwingine alichongwa na Flaminio Vacca karne ya 16 awe pacha wake. Bahatisha ni yupi kabla hujamuuliza mtu.