Kuchagua kabari za kufungulia gari: mwongozo kwa fundi funguo

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilifungua Noah moja pale Shangani, Mtwara mjini, kwa bisibisi bapa niliyoizungushia kitambaa. Mlango wa mbele ulifunguka kwa dakika chache, mwenye gari akashukuru, tukaagana. Mvua zilipoanza Desemba alirudi. Pembe ya juu ya mlango ilikuwa imetoka nje kidogo, maji yanaingia hadi kwenye kiti, na akikimbiza gari kwenda Lindi upepo unapiga mluzi sikioni. Nililipa gharama za kuunyoosha. Tangu hapo kabari, yaani kifaa cha kuchomeka kati ya mlango na bodi ili upatikane mwanya, naichagua kwa kuangalia italindaje mlango, kwa sababu kufungua kwenyewe ndiyo sehemu rahisi.

Kabla ya yote: kama kuna mtoto ndani na gari liko juani, weka zana chini. Kwa joto letu la pwani, dakika zinahesabika. Vunja kioo kilicho mbali na mtoto, umtoe, habari za rangi na raba mtazungumza baadaye.

Hatua ya 1: Jua gari ni la nani

Omba kitambulisho na kadi ya gari. Mara nyingi kadi iko humohumo ndani, basi mwambie akueleze kilichomo kabla hujagusa mlango, na ukishafungua uione kadi kabla hujaondoka. Msimu wa korosho mji unajaa wageni wenye magari ya kukodi. Hapo mpigie mwenye gari mwenyewe, usikie sauti yake. Asiyeweza kuthibitisha, mpeleke polisi wamsaidie, nawe utafungua mbele yao. Piga picha mlango ulivyo, hasa mikwaruzo ya zamani.

Hatua ya 2: Usome mlango

Angalia kama kioo kimezungukwa na fremu ya chuma. IST, Probox na Rav4 zina fremu, na hapo kabari inapata pa kuegemea. Subaru Forester za kabla ya 2008 na Impreza za zamani hazina fremu. Ukishusha kioo, juu hapabaki kitu. Kwenye gari la hivyo, kila unachochomeka kinasukuma kioo chenyewe. Kioo cha mlango kikizidiwa hakitoi ufa ukapata muda wa kuacha, kinamwagika chote vipande vidogo vidogo. Kwa magari hayo tumia mfuko laini wa upepo peke yake, kwa upepo kidogo sana. Kama huna mkono uliozoea, mwambie mteja akaulete ufunguo wa akiba nyumbani, hata kama nyumbani ni Masasi.

Angalia pia zile plastiki za kuzuia mvua juu ya dirisha, magari mengi kutoka Japani yanazo. Ukizilazimisha zinabanduka au zinapasuka. Pitisha kidole ukingoni: kama rangi imeumuka kwa kutu ya chumvi, kama kawaida ya magari yanayolala Mikindani, mwoneshe mteja kabla hujaanza.

Hatua ya 3: Chagua kabari

Unahitaji aina mbili, na zinafanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni kabari ya plastiki ngumu. Kazi yake ni kufungua njia tu. Chukua yenye upana wa vidole vitatu au vinne, maana kabari nyembamba inakusanya nguvu yote mahali pamoja na hapo ndipo bati linapobonyea. Ncha iwe nyembamba kama sarafu, kisha inenepe taratibu. Sasa pitisha ukucha pembeni mwake. Kabari nyingi za bei rahisi zina mshono wa kiwandani, mstari mdogo uliochomoza, na mstari huo unachana rangi kama wembe. Usiitupe, ipige msasa laini mpaka ukucha uteleze bila kukwama.

Ya pili ni mfuko wa upepo, wenye pampu ya mpira ya kubonyeza kama ile ya kipimo cha presha. Huu ndio unaosukuma mlango, na unasukuma kwa eneo pana. Tafuta wenye bamba gumu ndani ili usijikunje unapouingiza, na wenye valvu inayokuruhusu kupunguza upepo kidogo kidogo. Nunua miwili: ukiiweka kwa kuachana, mzigo unagawanyika.

Kabari ya mbao wengi tunaanza nayo kwa kuwa seremala anakuchongea papo hapo. Ya mpingo usiiguse kabisa. Ni ngumu mno, haibonyei hata kidogo, kwa hiyo kinachobonyea ni bati la mlango. Na lile bapa la chuma la kuchomeka chini kati ya kioo na mlango liache kabisa: ndani mle mnaweza kuwa na nyaya za mifuko ya hewa ya pembeni.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kulipa

Kama unaagiza kutoka Kariakoo na kifurushi kinakuja kwa basi, mwombe muuzaji ajaze mfuko upepo, afunge valvu, auwekee kitu kizito juu kwa nusu saa. Ukisinyaa, asikutumie.

Hatua ya 5: Kabari ikiwa mlangoni

Futa mchanga kwanza. Mchanga wa pwani ukibaki chini ya kabari unageuka msasa. Bandika tepu ya karatasi kwenye rangi, anza pembe ya juu iliyo mbali na bawaba, ingiza plastiki kwa mkono bila nyundo, kisha mfuko. Pampu mara mbili, subiri, tazama. Mimi naishia mwanya wa sentimita moja na nusu; fimbo ndefu ya kufikia loki ya ndani inapita. Mlango ukikataa kufika hapo, hamisha mfuko, usiongeze upepo.

Hatua ya 6: Kutunza

Usiache mifuko kwenye dashibodi wala kwenye boksi la pikipiki linaloshinda juani, mishono inaachia. Ioshe kwa maji baridi, ikaukie kivulini.

Mwisho wa kazi, kata kipande cha karatasi, kibane juu ya mlango, ufunge, uvute. Kikigoma, raba inabana vizuri. Mimi nampa mwenye gari avute mwenyewe, palepale kwenye pembe niliyoifungua.