Somo: Kumzoesha mbwa kreti kabla ya kuhamia ng'ambo, kutoka Uyole hadi Ujerumani

Wadau, mgonile. Tangu watu wajue kwamba nilihama na mbwa wangu Jimi kutoka Uyole, Mbeya, napata maswali yale yale kila wiki, na karibu yote ni ya makaratasi. Makaratasi nitayagusa. Ila kilichoninyima usingizi ni mbwa mwenyewe: mbwa koko aliyelelewa uani, hajawahi kufungiwa popote, anaingia sebuleni mvua ikinyesha tu. Huyo ndiye akae ndani ya kasha karibu saa 20, ukihesabu na kusubiri uwanjani. Kwa hiyo somo hili ni la kreti kwanza. (Kreti ninalosema si la soda. Ni kasha gumu lenye mlango wa nondo na matundu ya hewa.)

Anza na kalenda

Nchi za Umoja wa Ulaya zinataka mbwa anayetoka Tanzania apite mlolongo huu. Anawekwa chini ya ngozi chipu, kidude kidogo chenye namba yake ya utambulisho ya tarakimu 15. Kisha anachanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa, akiwa amefikisha wiki 12 au zaidi. Siku 30 zikipita tangu chanjo ndipo anatolewa damu, ikapimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, na kinga isipungue 0.5 IU (kipimo cha kimataifa) kwa mililita. Halafu mnasubiri miezi mitatu, inayohesabiwa tangu siku damu ilipotolewa. Jumla ni miezi minne na ushee, na hapo hakuna aliyekosea.

Sisi tulikosea. Jimi alichanjwa kwanza, chipu ikaja wiki mbili baadaye kwa sababu mtaalamu aliyetuhudumia alikuwa ameishiwa, akaniambia haina shida. Ilikuwa na shida. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, kwani hakuna kinachothibitisha kuwa aliyechanjwa ndiye huyu. Tukarudia chanjo, tukaanza kuhesabu upya mwishoni mwa Mei. Chipu kwanza, sindano baadaye, hata kama vyote vinafanyika siku moja meza moja.

Ile miezi minne watu huiona adhabu. Mimi naiona ndiyo darasa la mbwa. Nunua au tengeneza kreti siku ile ile ya chipu, wala usingoje tiketi.

Kupima

Chukua futi ya fundi cherehani, msimamishe mbwa kando ya ukuta, mtu mmoja amshike kichwa. Pima urefu kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, halafu kimo cha mguu wa mbele kutoka chini hadi kwenye kiwiko, halafu upana wa mabega. Mwisho pima kimo chake chote hadi utosini, au hadi ncha ya masikio kama yamesimama. Mbwa wetu wengi masikio yanasimama, na hapo ndipo watu wanapopunjwa: wanapima utosi, masikio yanagusa dari, mbwa anakataliwa uwanjani.

Jimi alikuwa sm 68, 28, 19 na 60. Urefu wa kreti ni urefu wa mbwa ukiongeza nusu ya mguu: 68 na 14, yaani 82. Upana ni mabega mara mbili: 38. Kimo ni 60 ukiongeza unene wa tandiko. Letu lilikuwa sm 3, ikawa 63. Hivyo ndivyo vipimo vya chini vya ndani, vinavyotokana na kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege. Ukizidisha kidogo hakuna ubaya. Lakini kabla ya kulipa, liulize shirika lako la ndege kama kreti la ukubwa huo linapita kwenye mlango wa mizigo wa ndege utakayopanda.

Plastiki ngumu inakubalika, ila vipande viungwe kwa bolti na nati za chuma, maana klipu za plastiki zinafyatuka. Mlango uwe wa chuma. Matundu ya hewa yawe pande zote nne, madogo kiasi kwamba pua na kucha hazitoki. Magurudumu yang'olewe. Mbao na plaiwudi pia zinaruhusiwa, na kwa sisi wa nyanda za juu, wenye msitu wa Sao Hill mlangoni, fundi wa kukutengenezea hakosekani. Mimi nilianza hivyo. Kasha likapendeza kama kabati la bibi harusi, likawa zito kumshinda mbwa. Na kwa ndege unalipia mbwa pamoja na kasha lake. Nikalitumia kufugia kuku, nikaagiza la plastiki Dar.

Wiki za kwanza: mlango ung'oe

Usimsukumie mbwa ndani ya kreti. Hata mara moja. Siku ya pili mimi nilimvuta kwa kola, nikafunga mlango "ajaribu kidogo". Alilia, akakwaruza mpaka ukucha ukatoka damu, na kwa siku 15 zilizofuata akawa anazunguka nje ya nyumba ili asilipite lile kasha barazani. Nilijuta.

Nilichofanya baadaye ni kung'oa mlango na kuondoa nusu ya juu, likabaki kama beseni. Nikalitandika sweta langu kuukuu la mtumba ambalo halijafuliwa, kwa makusudi, libaki na jasho langu. Ugali wake na dagaa nikauweka mlangoni pa kreti, kesho yake hatua moja ndani, kesho kutwa mwisho kabisa. Hakuna aliyemwita wala kumtazama. Watoto niliwakataza kabisa kuingia humo au kuligonga.

Halafu Juni ikaja, na wenyeji mnaijua Juni ya Mbeya. Baridi ile ilinisaidia kuliko maarifa yangu. Usiku mmoja nikatoka na tochi kumtafuta Jimi, nikamkuta amejikunja ndani ya kreti, pua chini ya mkia. Sikusema neno. Siku tatu baadaye nikarudisha kifuniko.

Mlango

Ukishaona anaingia mwenyewe, rudisha mlango. Ufunge anapokula, ufungue kabla hajamaliza sahani. Kesho ufungue akishamaliza. Kisha dakika mbili, kumi, nusu saa ukiwa unaosha vyombo karibu yake. Kisha toka nje ya uzio, urudi. Ongeza polepole mpaka alale humo usiku kucha bila kelele.

Akilia, ngoja anyamaze, hata kwa pumzi tatu, ndipo ufungue. Ukifungua katikati ya kilio umemfundisha kwamba kilio ni ufunguo. Akihaha kweli, anatoa mate na kuuma nondo, huo si utundu. Umekwenda mbio, rudi nyuma hatua mbili. Na kreti lisiwe jela: akitafuna kiatu, mgombeze kwenye kiatu, usimfungie humo.

Kipindi hiki ndicho cha kumfundisha kunywea chombo kilichofungwa mlangoni. Watu wengi wanakisahau. Mbwa aliyezoea sufuria ya chini anaweza kukaa na kiu saa nyingi huku maji yako usoni pake. Chombo kifungwe ndani ya mlango, kwa namna ambayo mhudumu anaweza kukijaza kutoka nje bila kufungua.

Mtikisiko na kelele

Kreti lililotulia barazani ni kitu kimoja, linalobebwa ni kingine. Tulianza kwa kuliinua watu wawili na kuliweka chini. Kisha toroli. Kisha nikakodi kirikuu hadi Igawilo na kurudi, Jumamosi nyingine mpaka Tukuyu, kona zote zile za mashamba ya chai. Mara ya kwanza alitapika. Mara ya tatu alilala. Kelele nazo: nilimpeleka karibu na reli ya TAZARA, na siku moja tukakaa nje ya uzio wa uwanja wa Songwe tukingoja ndege itue. Majirani waliniona nimechanganyikiwa.

Barabara hadi Dar

Kutoka Mbeya hadi Dar ni kilomita zaidi ya 800. Usimalize kwa siku moja. Tulilala Iringa, kisha Morogoro. Kwenye mteremko wa Kitonga dereva ateremke taratibu, maana kreti lisilofungwa kwa kamba linateleza kila kona. Chini pale Ruaha Mbuyuni utaona mbwa wa Uyole anahema ulimi nje, kwani ametoka kwenye baridi ya zaidi ya mita 1,600 kuangukia kwenye joto la bonde la vitunguu. Simama kivulini, mpe maji kidogo kidogo. Mikumi asishuke, barabara imekatiza hifadhi ya wanyama. Na vioo vifungwe, mbung'o wapo.

Dar tulikaa siku nne ili azoee joto na sisi tumalize karatasi. Cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya kinajazwa na kuthibitishwa na daktari wa serikali, na lazima uwe umefika ndani ya siku 10 tangu kutolewa, kwa hiyo huwezi kukichukua mapema. Kibali cha kumtoa mnyama nchini kiko chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Anza kwa daktari wa mifugo wa halmashauri yako, atakuelekeza.

Siku ya safari: chakula chepesi saa kadhaa kabla, matembezi marefu, akojoe mpaka aishiwe. Maji yagandishe kwenye chombo usiku wa kuamkia safari. Barafu haimwagiki wakati wa kupakia, inayeyuka taratibu. Chini tandika kitambaa kinachonyonya, nyasi kavu hapana. Stika ya kijani ya wanyama hai, mishale ya kuonyesha juu ni wapi, jina lake, namba yako ya simu. Kamba yake kaa nayo mkononi, kwa sababu uwanjani wanaweza kukuambia umtoe ili kreti lipite kwenye mashine. Nimeona mtu akimfukuza mbwa kati ya mabegi.

Maswali ya wadau

*Dada wa Mafinga: Si ningempa tu dawa ya usingizi alale mpaka afike?*

Hapana dada. Dawa hizo zinashusha msukumo wa damu, zinamnyima mbwa uwezo wa kujisawazisha na kurekebisha joto la mwili, na huko chini kwenye mizigo ya ndege hakuna wa kumwangalia. Mashirika mengi yakijua amelishwa dawa yanamkataa. Miezi minne ya mazoezi ndiyo dawa.

*Mdau wa Iringa mjini: Wangu alichanjwa bure ile Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, cheti ninacho. Kinatosha?*

Kama alikuwa na chipu, na namba yake imeandikwa kwenye cheti, na dozi haijaisha muda, una mahali pa kuanzia. Kama hakuwa na chipu, chanjo inamlinda yeye na familia yako, lakini kwa safari anza upya. Ukikwama, hapo Iringa kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, kaulize.

*Kaka wa Njombe: Nina mtoto wa mbwa wa miezi miwili, nahama baada ya miezi mitatu.*

Kaka, haiwezekani kwa Ulaya. Wiki 12 za kuchanjwa, siku 30 za kungoja damu, na miezi mitatu: mdogo kabisa atasafiri akiwa na karibu miezi saba. Mwachie mtu unayemwamini, amtumie baadaye. Mkabidhi na kreti.

*Mwingine, haendi Ulaya: Sisi tunakwenda Marekani, ni hayo hayo?*

Yanafanana, si yale yale. Tangu 1 Agosti 2024 Marekani inataka mbwa awe na miezi sita au zaidi na chipu, na Tanzania imo kwenye orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo kuna fomu za ziada, na viwanja vya kuingilia ni vichache. Soma masharti yao kabla ya kukata tiketi. Kreti halibadiliki.

*Mama wa Mbalizi: Wangu wawili ni ndugu, wanalala pamoja. Niwaweke kreti moja?*

Mama, kila mmoja na lake. Mbwa wakubwa hawaruhusiwi kuchanganywa, na hata wadogo wanaopendana wanaweza kung'atana kwa hofu. Weka makreti milango ikitazamana wakati wa mazoezi, wasikie harufu.

*Mzee wa Tukuyu: Mwanangu, gharama yote hiyo kwa mbwa koko? Huko hawana mbwa?*

Shikamoo baba. Wapo, tena wana kodi yao. Hata Jimi namlipia kodi ya mbwa manispaa kila mwaka, ukisikia utacheka. Lakini usiku ule wezi walipoingia uani kwetu, hao wa huku hawakuwepo.

*Dada wa Mafinga tena: Alipofika alikuwaje?*

Nilifungua mlango nje ya uwanja, mvua inanyesha. Akatoka, akajinyoosha, akakojolea gurudumu la toroli dakika nzima. Akanusa hewa. Halafu akageuka, akarudi ndani ya kreti, akajilaza juu ya sweta, akagoma kutoka. Tukambeba hivyo hivyo mpaka nyumbani.