Kabla hujalipia domeni, ujue kiwanja ni cha nani

Wiki mbili zilizopita aliingia kijana mmoja ofisini kwangu, hapa Mombasa karibu na Mwembe Tayari, simu mbili mkononi na haraka tele. Anapiga video za Mji wa Kale: mafundi wa mashua, wauza kahawa, milango ya nakshi. Jina la kazi yake alikuwa nalo tayari, akataka nimsajilie domeni, yaani anwani ya tovuti kwenye intaneti.

"Ami, nataka mwisho wake iwe nukta tv. Hiyo ya ke, ya Kenya, naiona ya kizee."

Nikamuuliza kama anajua hiyo tv ni ya nani. Akacheka. "Si ya televisheni?"

Siyo. Ni ya Tuvalu, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vyenye watu wapatao elfu kumi na moja. Swali hili nimelijibu mara nyingi sana tangu nianze kutengeneza tovuti, na leo naandika hatua ninazozifuata mwenyewe kabla sijamlipia mteja domeni. Nusu saa inatosha.

Mtu wa Majengo au Kisauni hahitaji maelezo marefu. Tunazijua nyumba bila kiwanja: kuta zako, mabati yako, hata choo umechimba wewe, lakini ardhi ni ya mwingine na kodi ya kiwanja lazima uipeleke. Domeni ni vivyo hivyo. Jina ni nyumba yako, zile herufi baada ya nukta ya mwisho ni kiwanja cha mtu.

Hatua ya 1: Hesabu herufi

Tazama baada ya nukta ya mwisho. Zikiwa tatu au zaidi, kama com au org, huu mwongozo haukuhusu. Zikiwa mbili, hapo pana nchi au eneo fulani la dunia, hata kama herufi zenyewe zinasomeka kama neno la kibiashara. Io, ai, me, co, ly: zote zina kwao.

Ugawaji ulianza katikati ya miaka ya 1980. Daftari la majina ya intaneti lilikuwa mikononi mwa Jon Postel, mtaalamu wa kompyuta kule California, naye hakutaka kabisa kuingia kwenye ugomvi wa kuamua ipi ni nchi na ipi siyo. Akachukua orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi na maeneo iliyokuwepo tayari, ISO 3166, na aliyemo humo akapata herufi zake. Ndiyo maana Antaktika ina .aq, ingawa wanaoishi huko ni pengwini na watafiti, na kisiwa cha Bouvet kisicho na mkazi hata mmoja kimetengewa .bv. Waingereza waliponyoka: orodha inawaita GB, wao wakajikalia na .uk.

Tahadhari moja: usikisie kwa Kiingereza. Afrika Kusini ni .za kwa ajili ya Kiholanzi, Zuid-Afrika. Komoro ni .km kwa sababu wenyewe wanasema Komori. Uswisi ni .ch, na hiyo imetoka Kilatini.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Nenda iana.org, tovuti ya wanaolitunza daftari hilo leo, uingie kwenye Root Zone Database. Ukiwa mtu wa kuandika amri kwenye kompyuta, hii inatosha:

whois -h whois.iana.org ke

Soma mistari miwili tu. Penye "organisation" utaona nani amekabidhiwa herufi hizo. Penye "created" utaona tangu lini. Kwa .ke utakuta tarehe 29 Aprili 1993. Wakati huo walioishika ni Dkt. Shem Ochuodho kwa upande wa Kenya na Randy Bush kwa upande wa Marekani. KENIC, wasimamizi wa .ke tunaowapelekea pesa leo, wamekuja baadaye.

Sasa rudia amri hiyo kwa herufi unazozitaka wewe. Mara nyingine utakuta wizara, mara nyingine chuo kikuu, mara nyingine kampuni iliyosajiliwa bara jingine kabisa. Liandike hilo jina pembeni.

Hatua ya 3: Uliza kama kiwanja kitakuwepo

Hapa ndipo wateja wangu wengi huacha kucheka. Nchi zinakufa, zinabadili majina, zinagawanyika, na herufi zinafuata.

Jirani zetu wa Kongo walikuwa na .zr walipoitwa Zaire. Mobutu alipoondolewa Mei 1997 nchi ikarudia jina lake, ikapewa .cd, na kufikia 2001 .zr ilikuwa imefutwa. Yugoslavia ilikuwa na .yu: nchi ilisambaratika miaka ya 1990, lakini herufi zilibaki hewani hadi tarehe 30 Machi 2010, na aliyekuwa hajahama akajikuta hana anwani. Kinyume chake ni .su ya Umoja wa Kisovieti. Ilitolewa Septemba 1990, dola lenyewe likavunjika Desemba 1991, na mpaka leo watu wanaisajili. Maiti imezikwa, duka lake bado linauza.

Ya kuangalia sasa hivi ni .io, inayopendwa mno na vijana wa programu. Ni herufi za Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, yaani visiwa vya Chagos. Bahari ni hii hii yetu. Kati ya 1968 na 1973 wenyeji waliondolewa kwa nguvu, wakatupwa Morisi na Shelisheli, ili kisiwa cha Diego Garcia kiwe kambi ya jeshi la Marekani. Kisha tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Morisi zikatia saini mkataba wa kuirudisha Chagos kwa Morisi. Eneo likitoka kwenye orodha ya ISO, utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, unatoa miaka mitano ya kuhama, na inaweza kusogezwa hadi kumi. Kwa hiyo hutaamka kesho ukakuta tovuti imepotea. Lakini mimi sijengi duka la mtu juu ya .io, na nikilazimishwa namwandikia mteja kabisa kwamba nilimwambia.

Na Tuvalu je? Ardhi yao yote iko chini ya mita tano kutoka usawa wa bahari, na maji yanapanda. Mwaka 2023 waliandika kwenye katiba kwamba taifa lao litaendelea kuwepo hata nchi kavu ikimezwa.

Hatua ya 4: Soma sheria za mwenye kiwanja

Ukiwa juu ya ardhi ya mtu, unafuata sheria zake. Mwaka 2010 huduma moja ya kufupisha anwani, vb.ly, iling'olewa na wasajili wa Libya kwa kuwa maudhui yake yalionekana kukiuka sheria na maadili ya nchi hiyo. Wenye tovuti walikuwa Marekani, wakabaki midomo wazi. Halafu kuna .eu: Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, wakazi wake wasiotimiza masharti walisimamishiwa makumi ya maelfu ya majina kuanzia Januari 2021. Tafuta ukurasa wa masharti, angalia kama lazima uwe mkazi, na nini kinakatazwa. Dakika kumi.

Hatua ya 5: Jua bei inatoka wapi

Bei ya herufi mbili haina uhusiano na ukubwa wa nchi. Ni bahati ya alfabeti.

Nina hadithi moja ninayoipenda kuliko zote. Anguilla, kisiwa cha Karibi chenye watu kama elfu kumi na tano, kina .ai. Akili mnemba, kwa Kiingereza AI, ilipovuma, kila kampuni ikaikimbilia .ai, na mwaka 2023 mauzo yake yakaingiza takriban dola milioni 32 za Marekani, zaidi ya moja ya tano ya mapato ya serikali. Sasa sikiliza hii. Herufi AI kwenye orodha ya ISO hazikuwa za Anguilla mwanzoni. Zilikuwa za Eneo la Kifaransa la Waafar na Waissa, hapa hapa Pembe ya Afrika. Eneo hilo lilipata uhuru mwaka 1977, likaitwa Djibouti, likapewa DJ, na AI ikaachwa wazi mpaka Anguilla ilipoipata. Hao waliochora orodha hawakuwa na habari na intaneti. Djibouti nayo ikaambulia .dj, wapiga muziki wa disko wanaipenda.

Tuvalu nao walicheza karata yao vizuri. Mwaka 2000 walikubaliana na kampuni ya Marekani kuhusu .tv kwa dola milioni 50 za kulipwa kwa awamu, na sehemu ya fedha hizo ikawawezesha kumudu gharama za kujiunga na Umoja wa Mataifa. Tarehe 5 Septemba mwaka huo wakawa wanachama wa 189.

Kwako wewe mnunuzi: herufi zinazovuma hupandishwa bei, na .ai inakutaka ulipie miaka miwili kwa mpigo. Usitazame bei ya mwaka wa kwanza iliyopigwa rangi nyekundu. Tafuta bei ya kulipia tena mwaka wa pili, kwa kawaida imefichwa chini.

Hatua ya 6: Litaje jina kwa simu

Mpigie mtu mmoja asiyehusika na kompyuta, mtajie anwani mara moja, mwambie akuandikie. Hii sikuisoma popote, nililipia. Nilimtengenezea tovuti dada mmoja anayepika mahamri, viazi karai na biriani za harusi kwa oda. Domeni yake inaishia .co.ke. Kwenye kadi mia tano nikaandika .co, nikasahau ke. Hiyo .co ni ya Kolombia. Wiki nzima barua pepe za oda zikawa zinawarudia waliozituma, naye akidhani soko limelala. Nilichapisha upya kwa pesa yangu.

Nilijiliwaza niliposikia kwamba wenzangu ni jeshi la Marekani. Anwani zao za barua pepe zinaishia .mil, na .ml ni ya Mali. Kwa miaka mingi barua zilizoandikwa bila ile i zilikuwa zinakwenda Mali. Mwaka 2023 ilifichuka kwamba Mholanzi aliyekuwa akiisimamia .ml kwa mkataba, Johannes Zuurbier, alikusanya barua karibu laki moja na elfu kumi na saba katika miezi michache tu ili kuwaonya.

Hatua ya 7: Sajili kwa jina lako

Jina lako, barua pepe yako, simu yako. Si za fundi, hata fundi akiwa mimi.

Kijana wa video alikaa hadi adhana ya alasiri akisoma habari za Tuvalu kwenye kompyuta yangu. Akachukua .co.ke iwe nyumba yenyewe, na .tv pia akaichukua, maana aliipenda tu. Ukiandika ile ya tv inakupeleka kwenye ya ke. Kabla hajatoka nilimwona anaweka tarehe ya kulipia tena kwenye simu zote mbili.