Somo: Kujenga antena ya lupu (kitanzi kikubwa) ya bomba la shaba ya kipenyo cha mita 1, MHz 10 hadi 21

Dipoli, yaani antena ya kawaida ya waya ulionyooka, ya MHz 14 inataka waya wa mita 10. Lupu hii inakaa kwenye kibaraza na inasikika mbali, lakini haivumilii uzembe. Kwenye MHz 14.1 ukinzani wake wa mnururisho, yaani ule unaogeuza umeme kuwa mawimbi, ni omu 0.095 tu. Bomba la mm 22 lenyewe linakula takriban omu 0.044, maana kwenye masafa hayo mkondo hupita juu juu ya shaba, kina cha mm 0.018. Hata ukijenga vizuri kabisa, karibu theluthi ya nguvu inaishia kuwa joto. Kiungo kimoja kibovu cha omu 0.05 kinakushusha hadi nusu. Kwa hiyo kazi yote hapa ni kulinda hizo sehemu ndogo za omu.

Vifaa

Bomba la shaba laini la mm 22, mita 3.1. Kapasita ya kuzungusha yenye sehemu mbili za pF (pikofaradi) 365, ile ya kutafutia stesheni kwenye redio za zamani. Utepe wa shaba wa upana wa mm 20. Waya wa shaba wenye ganda, mm² 2.5, urefu wa sm 63. Msalaba wa mbao kavu au bomba la PVC, kebo ya koaksia ya omu 50, gia ya kupunguza mzunguko ya 6:1, na kijiti cha plastiki cha sm 30.

Hatua ya 1: Duara. Kunja bomba taratibu juu ya msalaba, uache nafasi ya sm 4 kati ya ncha mbili, upande wa juu. Lisije likabonyea. Kama una bomba gumu tu, tengeneza pembe nane kwa viwiko vya nyuzi 45, lakini kila kiungo kilehemiwe kizunguke chote.

Hatua ya 2: Kapasita. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usiunge ncha moja ya lupu kwenye fremu ya kapasita. Unga ncha zote mbili kwenye sahani zisizozunguka: ncha hii sehemu ya kwanza, ile sehemu ya pili. Fremu na sahani zinazozunguka ziachwe zikielea, bila kuungwa popote. Ukifanya hivyo sehemu mbili zinakuwa mfululizo (upeo pF 182), na mkondo unavuka kupitia ekseli badala ya zile springi nyembamba za kugusana. Kwa wati 5 tu, mkondo huo unakaribia ampea 6.

Piga msasa ncha za bomba hadi shaba ing'ae, kisha lehemu utepe uliokatwa mfupi, usizidi sm 5 kila upande. Boliti na nati hapana.

Hatua ya 3: Gia na kijiti. Kwenye MHz 14, pF 1 inasogeza masafa kwa karibu kHz 135, na nyuzi 1 ya ekseli ni takriban hiyo pF 1. Bila gia utapita juu ya nukta ya masafa unayoyataka bila kuiona. Kijiti kinaweka mkono mbali, kwa sababu mkono wenyewe unavuruga masafa.

Hatua ya 4: Kitanzi cha kulishia. Kunja ule waya wa sm 63 uwe duara la sm 20, moja ya tano ya lupu. Ncha moja kwenye waya wa kati wa koaksia, nyingine kwenye wavu. Kifunge chini kabisa, ndani ya lupu, mkabala na kapasita. Zungusha koaksia mara 10 kwenye pete ya feraiti FT240-43 karibu na kitanzi, la sivyo kebo nayo itageuka antena na kuleta kelele za nyumbani.

Hatua ya 5: Kutyuni. Simamisha lupu wima, chini yake pawe mita 1 au zaidi kutoka ardhini. Sikiliza kwanza: zungusha polepole mpaka kelele ipande ghafla. Rusha wati 1, maliza kwa kuangalia SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio; 1 ndiyo bora). Ikigoma kushuka chini ya 1.5, bonyeza kitanzi kiwe yai au kisogeze. Ndipo upande hadi wati 5. Usiguse lupu wakati unarusha: kuna zaidi ya volti 1,000 kwenye kapasita, na inaunguza.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimeweka wati 10, kapasita inatoa cheche. Mbovu?*
Nzima. Wati 10 zinaleta karibu volti 1,800, kilele chake 2,600. Nafasi kati ya sahani za kapasita ya redio haihimili hiyo, na vumbi huzidisha. Safisha kwa brashi, rudi wati 5. Ukitaka wati 100, tafuta kapasita ya vakyumu.

*Ninaweza kutumia alumini?*
Bomba la alumini linaongeza ukinzani kwa takriban asilimia 26, hilo si baya. Shida ni viungo: risasi ya kawaida ya kulehemia haishiki, na boliti hupata kutu nyeupe inayozuia mkondo.

*Yangu haishuki hadi MHz 7.1.*
Pale inahitaji pF 205. Ongeza kipande cha kebo ya koaksia RG-213 cha sm 30, sambamba na kapasita, mwisho wake ukiwa wazi. Kinatoa karibu pF 30. Ila ufanisi unaporomoka hadi asilimia 16 kwa ujenzi bora, maana mnururisho unabaki omu 0.006.

*SWR yangu ni 1.1 na sihitaji kutyuni tena ndani ya kHz 90. Safi sana, sivyo?*
Hapana, ndugu. Lupu nzima ya ukubwa huu kwenye MHz 14 ina upana wa masafa, kabla ya kuhitaji kutyuni tena, wa karibu kHz 18. Ukiona upana mara tano ya huo, ukinzani wako nao ni mara tano. SWR inakuambia tu kwamba redio imeridhika, haikuambii nguvu imekwenda wapi. Rusha wati 5 kwa dakika mbili, zima, kisha gusa viungo kimoja kimoja. Chenye joto ndicho cha kulehemu upya. Vyote vikiwa baridi, chunguza kama ncha moja imeungwa kwenye fremu ya kapasita.