Kuzuia sauti katika chumba kidogo: anza na mlango, ukuta baadaye

Kabla hujanunua kitu, jua unachotaka. Sponji za mabonde mabonde zinazobandikwa ukutani hunyonya mwangwi wa ndani. Zitafanya sauti yako isikike safi kwenye rekodi, lakini jirani ataendelea kukusikia vilevile. Trei za mayai hata mwangwi wenyewe haziumudu. Sauti huzuiwa kupita kwa njia tatu: kuziba hewa, kuongeza uzito, na kutenganisha ukuta mmoja na mwingine. Fuata mpangilio huo huo, maana ukiruka njia ya kwanza, fedha utakayotumia kwa mbili zinazofuata itapotea bure.

Panapopita hewa, sauti hupita. Chukua mlango wa sm 80 kwa 200 wenye mwanya wa sm 1 chini. Mwanya huo ni nusu asilimia tu ya eneo la mlango, lakini unatosha kuuharibu wote: hata ukifunga mlango wa chuma kizito, hautapunguza sauti zaidi ya desibeli 23 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukuta wa tofali uliopigwa lipu pande zote mbili hupunguza zaidi ya 40. Kwa hiyo tatizo mara nyingi haliko ukutani.

Usiku, zima taa ya chumbani, ufunge mlango, na mwenzako aliye nje apitishe tochi taratibu kuzunguka fremu. Kila mahali utakapoona mwanga, tia alama kwa chaki.

Kisha gonga mlango wenyewe. Ukitoa mlio wa kitu kilicho wazi ndani, ubadilishe uweke wa mbao nzito wa mm 40 hadi 45, au ubandike plaiwudi ya mm 18 kwa gundi na skrubu. Plaiwudi hiyo huongeza karibu kilo 20, hivyo funga bawaba ya tatu, la sivyo mlango utainama na mianya itarudi. Bandika mpira wa kuziba juu na pande mbili za fremu. Mpira ufaao ni ule unaobanwa kidogo mlango ukifungwa. Ukiwa mnene mno kitasa hakitashika, na ukiwa mwembamba utakuwa pambo tu. Chini weka kizingiti cha mbao chenye mpira juu yake.

Fungua pia mbao za urembo zinazozunguka fremu. Mara nyingi nyuma yake pana nafasi tupu, au povu la kujaza ambalo ni jepesi mno kuzuia sauti. Jaza saruji ya mchanga, na umalizie kingo kwa silikoni. Usitumie puti pekee: ikikauka hupasuka, na ufa mwembamba unatosha kupitisha maneno. Soketi mbili zilizopeana mgongo kwenye ukuta mmoja ni tundu jingine. Zima umeme kwanza, umwite fundi azitenganishe na kuziba.

Dirisha la kioo cha mm 4 liongezewe kioo cha pili kwa ndani, cha mm 6, kikiwa umbali wa sm 10. Unene utofautiane kwa makusudi, kwa kuwa kila kioo kina masafa yake (kasi ya mtetemo wa sauti) kinayoyapitisha kwa urahisi, na viwili vya unene mmoja vitapitisha masafa yale yale.

Baada ya hapo tu ndipo uguse ukuta. Simamisha fremu ya mbao za mm 50 kwa 50, ikae mm 20 mbali na ukuta wa zamani, ishikwe na sakafu na dari peke yake juu ya ukanda wa mpira. Jaza pamba ya mawe (nyuzi laini zinazotengenezwa kwa mawe) ya mm 50 bila kuishindilia (vaa glavu, barakoa na mikono mirefu, inawasha sana). Funika kwa tabaka mbili za bodi za jipsamu za mm 12.5, maungio ya tabaka la pili yasilingane na ya kwanza. Ukuta wa mita 3 kwa 2.5 unahitaji bodi 6 za mita 1.2 kwa 2.4, uzito wa kilo 150 hivi. Acha mm 5 pembezoni mwa bodi na uzibe kwa silikoni. Tumia skrubu za mm 32 kwa tabaka la kwanza na mm 50 kwa la pili. Skrubu moja ndefu ikipenya hadi ukuta wa zamani, mtikisiko utapita humo na kazi ya kutenganisha itaharibika.

Angalia dari pia. Kuta zikiishia kwenye dari na nafasi ya juu ikiwa moja kwa vyumba vyote, sauti itapanda na kushukia upande wa pili. Huko juu mwendelezo wa ukuta hadi kwenye paa ndio dawa.

Chumba kilichozibwa hivi hakipumui. Usiwashe humo jiko la mkaa wala la gesi kamwe. Tengeneza njia ya hewa kwa sanduku la plaiwudi ya mm 18 lenye kona mbili au zaidi, ndani ukibandika sponji ya mm 25 (hapa ndipo sponji inapofaa), na njia yake iwe pana, hewa ipite polepole bila kuvuma.